Adungu ya Draku na Koo la Jovia

Jovia alikuwa na wivu, na tusimpambe. Tena wivu wenyewe haukuanza kwa jambo la maana. Ulianza kwa mguno.

Katika kwaya yao ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, adungu, kinubi chao chenye shingo ya upinde, haikazwi kwa kufuata kinanda. Mwongoza wimbo huketi mkekani karibu na mpigaji, huguna "mmm" kwa sauti anayotaka kuanzia, na mpigaji huzungusha vigingi vya ule upinde, uzi baada ya uzi, mpaka ala na koo vikubaliane. Kwa miaka mingi aliyeguna alikuwa Jovia, na aliyezungusha vigingi alikuwa mumewe Draku. Kila Desemba, kabla ya tamasha la nyimbo za Krismasi, watoto walifukuzwa uani na wawili hao wakakaa hivyo, kichwa kwa kichwa. Mengi katika ndoa yao yalikuwa yamechakaa, lakini si hilo.

Kisha kikohozi kikamkalia Jovia mwaka mzima, na kilipoondoka, sauti yake ikawa inakatika katikati ya beti. Silvester, mwalimu wa kwaya, akamwomba kwa upole apumzike kidogo. Nafasi yake ikaenda kwa Stella Kiden, binti wa Kikakwa kutoka Midia kule Koboko, anayefundisha watoto wa chekechea mjini Arua. Jovia akasema sawa, Mungu ni mwema. Alisema kwa mdomo tu.

Basi Stella akaja nyumbani, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka uleule. Akaguna juu, juu kabisa, na Draku akamwinamishia sikio. Jikoni, Jovia alikuwa akichambua mchele aliokwisha kuuchambua asubuhi. Kila kigingi kilipolia, roho yake ilikazwa nacho. Binti yake mkubwa, Mindra, akaja kumwambia kwamba anti Stella ana sauti tamu, naye akatumwa maji papo hapo, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Draku hakuwa amefanya kosa lolote, na Jovia alilijua hilo vizuri. Alitaka kujua jambo moja tu: huyu mwanamume bado yuko upande wake, au yuko upande wa yeyote anayeketi mkekani? Mwanamke mwingine angemuuliza. Jovia hakuuliza. Jumamosi ya tamasha, Draku alipokuwa bafuni, aliifuata adungu ilipoegemezwa ukutani, akaguna kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito ya chini, akalegeza vigingi kimoja kimoja mpaka ala ikarudi kwake. Aliporudi jikoni alikuwa na furaha ya mtoto aliyeiba sukari.

Kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Familia nzima nzima zilikuja, na shangazi waliotoka Inde wakabeba hata vifurushi vya sokoni. Kwaya iliimba, watu wakapiga vigelegele, mwishowe ikafika zamu ya Stella na adungu peke yake. Draku akagusa uzi wa kwanza. Mkono ukasimama.

Akainua macho, akatazama moja kwa moja kwenye benchi alipokaa mkewe na watoto. Jovia akayakimbiza yake darini, akajifanya anahesabu mabati. Kuvirudisha vigingi kungechukua muda mfupi tu, na kanisa lote lingejua kuna mtu ameichezea. Lakini Draku aliinamisha kichwa akaanza kupiga, hukohuko chini.

Stella alishtuka. Akaushusha wimbo, akautafuta, na, lo, akaupata. Sauti yake huko chini ilikuwa ya joto, haina haraka, na mama mmoja mbele alianza kufuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mindra naye akalia. Jovia akazidi kuumia, maana hata hiyo sauti ya chini aliyodhani ni yake, sasa alikuwa nayo mwingine.

Kitu kimoja tu kilimpoza. Ubeti wa tatu una mstari mrefu usiokwisha, na watu wa Ombaci walizoea kumsifu Jovia kwamba huuimba kwa pumzi moja. Si kweli. Kuna mahali huiba pumzi, na papo hapo Draku hupiga uzi mnene mara mbili kumfunika. Hakuna mwingine anayejua. Stella aliishiwa pumzi katikati ya neno, na Jovia akatabasamu kanisani, Mungu amsamehe.

Njiani kurudi Draku hakusema neno juu ya vigingi. Nyumbani pia hakusema. Kimya hicho kilimtisha Jovia kuliko ugomvi.

Kesho yake kwaya na familia zao walikwenda Midia kuimba katika kanisa la kina Stella. Kabla ya ibada, mama yake Stella aliwaandalia kisra, mikate myembamba ya mtama, na mchuzi wa nyama. Stella akaja na sahani yake, akachuchumaa mbele ya Jovia kwa heshima zote.

"Mama, ule mustari murefu, pumzi unakamataga wapi?"

Jovia aliona kila kitu hapo: macho ya yule binti hayakuwa na hila, na jibu lilikuwa neno moja tu. "Hakuna pahali," akasema. "Mimi ilikuwa naimba tu mpaka inaisha."

Stella akakubali kwa kichwa, kisha akamgeukia Draku. "Na wewe, Baba? Si ulikuwa unapiga naye siku zote?"

Jovia aliacha kutafuna. Alimjua mumewe, mtu wa kanisa, ambaye hata mnunuzi wa kuku humwambia ukweli kwamba kuku ni mzee.

Draku alikata kipande cha kisra, akakichovya taratibu.

"Mimi sijui, binti yangu," akasema. "Mimi nasikiaga nyuzi tu."

Hakumtazama mkewe. Jovia alichukua kipande kikubwa cha nyama, alichokuwa amejiwekea cha mwisho, akakiweka kwenye sahani ya mumewe.