Shemeji Aliyekataa Klia

Fundi rangi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye miaka kumi na tisa kwenye kazi ya kupulizia magari. Wateja walimwita Mama Msasa. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, alimletea gari lipakwe rangi ya fedha, na siku ya tatu asubuhi akatokea kulichukua. Gari lilikuwa limefifia kama sufuria kuukuu. Akalipenda hivyo hivyo.

"Bado klia," Mama Msasa akasema. "Ile vanishi ya juu isiyo na rangi."

"Lile gari langu jeupe hukulipaka klia."

"Rangi ile ilikuwa na mng'ao na ugumu wake yenyewe. Hii ni chembe za alumini, laini kama vumbi. Bila klia jua linaichosha, petroli inaiondoa, hata nguo inaibeba."

"Shemeji, nina safari ya ukweni. Na siku hizi kutong'aa ndiyo fasheni."

Alikuwa mkubwa wa mumewe. Mama Msasa akampa funguo, akarudi kwenye chai yake iliyokwisha kupoa.

Ukweni gari lilisifiwa sana. Baba mkwe, mzee wa suti nyeusi, aliliegemea kwa muda mrefu akieleza habari za goti lake. Alipogeuka kuingia ndani, mgongo mzima ulikuwa wa fedha. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikula hivyo, akasindikiza wageni hivyo. Safari ya kurudi ilichukua saa nane, na mke wa shemeji aliketi kiti cha nyuma njia nzima.

Wiki iliyofuata shemeji alirudi karakana, boneti ina madoa ya kinyesi cha ndege yasiyotoka. Mama Msasa alikuwa na maneno yake tayari, makali na kwa mpangilio. Lakini alipomwona amesimama mlangoni, kofia mkononi, akampa msasa na ndoo ya maji.

"Anza na boneti, shemeji."

Alisugua siku mbili, akalalamika siku moja na nusu. Mama Msasa akapuliza rangi upya, kisha klia, mkono wa kwanza na wa pili. Gari likawaka. Shemeji akaketi kwenye kigoda kulilinda na vumbi, hata kukohoa akajizuia.

Inzi akatua kwenye mlango wa dereva, akanasa kwenye klia mbichi.

"Anatoka?"

"Ikikauka. Tunasugua, tunapaka tena."

Shemeji akavitazama viganja vyake, kisha akamtazama inzi.

"Mwache," akasema.