Pole na Kazi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la ushonaji, mdogo mtu alimpa dada yake mtihani.

"Wewe ni nani hapa?"

"Mgeni. Nimekuja kumtazama mdogo wangu, ana mimba kubwa."

"Unafanya kazi?"

"Sifanyi. Nimekaa tu."

"Haya, vua hiyo tepu shingoni, dada. Mgeni gani anavaa tepu kama mkufu?"

Dada mtu alikuwa fundi cherehani tangu usichana, na mikono yake haikujua kukaa bure. Mhuri aliogongewa kwenye pasipoti ulisema matembezi, miezi mitatu, kazi hairuhusiwi, hata isiyo na malipo. Mwanzoni alicheka. Kumpindia ndugu yako sketi za shule, naye miguu imemvimba hawezi kukanyaga cherehani, ndiyo kazi hiyo? Lakini fundi viatu wa jirani akawasimulia kuwa shemeji yake alikutwa akifagia saluni tu, akarudishwa kwao wiki hiyohiyo. Tangu hapo kila kivuli kikipita mlangoni, moyo ulimpaa. Zilibaki wiki tatu mtoto azaliwe. Akirudishwa yeye, nani atamshika mdogo wake mkono?

Jumanne alikuwa ameinamia pindo, mtu akasimama mlangoni.

"Pole na kazi, mama."

"Asante, nimeshapoa," akajibu, kama alivyojibu maisha yake yote.

Cherehani ikanyamaza. Mtu yule akaingia, kitambulisho cha uhamiaji kikining'inia kifuani. Akaomba pasipoti, akautazama mhuri, akaitazama sketi.

"Mgeni wa matembezi, umepoa na kazi gani?"

"Mimi... nimeitikia salamu tu, baba."

"Salamu ya kazi huitikiwa na mwenye kazi."

Mdogo wake akajaribu kuinuka, tumbo likamrudisha kitini. Ofisa akaitazama ile miguu iliyovimba. Kisha akaandika jina daftarini, taratibu, kama anayetunga uzi kwenye sindano.

"Leo nakuonya. Nikipita tena nikaukuta mguu wako kwenye cherehani, unafungasha siku hiyohiyo."

Sasa hukaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani, macho mlangoni. Wapita njia wakisema pole na kazi, huuma midomo, akamwachia mdogo wake aitikie. Ila chini ya benchi mguu wake wa kulia haukusikia onyo. Unakanyaga sakafu, unakanyaga, mpaka mdogo wake anong'one:

"Dada, mguu!"