Baba Yetu Kornel, Mchochea Moto wa Melini

Baba yangu, Kornel, alizaliwa Ipuli, kwetu Unyamwezi. Babu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani. Baba yeye aliifuata reli upande wa pili, hadi Kigoma, akaajiriwa kuchochea moto katika meli ya mizigo. Alikuwa mtu wa maneno machache na hatua ndefu. Akirudi likizo na gunia la dagaa, alitupitisha kwanza kanisani kumshukuru Mungu. Tulisali tukinuka samaki.

Machi 1953 meli yake iliondoka na shehena ya chumvi na mawese. Dhoruba iliikuta katikati ya ziwa. Hakupona hata mtu mmoja. Zilionekana mbao na mapipa tu.

Barua ya ofisi nilimsomea mama, Marcelina, mimi mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi haizikwi," akasema.

Majirani walikuja, mkeka wa msiba ukatandikwa, akakataa kuukalia. Misa ya wafu pia aliikataa. Kumwombea Kornel kama marehemu, alisema, ni kumuua. Kila treni ya Kigoma ilipoingia, alikuwa stesheni. Wiki tatu zikapita, roho ya baba haijaombewa, nami nikakosa usingizi.

Ndipo alipokuja Bi Mwanahawa wa Mtendeni, Mzaramo, mtani wetu tangu enzi za misafara. Hakupiga hodi. Alichukua koti la baba msumarini, akalivaa, akaanza kutembea uani kwa hatua zile ndefu.

"Marcelina! Maji ya kuoga yako wapi? Na huyu kuku mbona amekonda kama Mnyamwezi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Vua koti la watu, Mzaramo usiye na haya!"

"Sivui. Mwenyewe atakuja kunivua. Haya, mwite!"

Mama akafungua mdomo. Jina halikutoka.

Bi Mwanahawa akamsogelea, akamshika mkono. "Mmebeba mizigo ya watu mpaka kwetu pwani. Huu wenu mmoja unakushinda? Shika huku, nami nashika huku."

Mama akakaa mkekani. Alilia mpaka jua likapinduka, kisha akaniita.

"Nenda kwa padri, mwanangu. Mwambie baba yako amefariki."

Misa ilisomwa Jumatano. Bi Mwanahawa, Mwislamu, alitungoja mlangoni. Tulipomwombea baba pumziko la milele, sauti ya mama ilitangulia zetu zote.