Nyati Aliyezunguka Kaburi la Baba Bhoke

Mwaka 1956, wakati wa masika, nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa na mjane ambaye hajamaliza mwaka, nilijiaibisha mbele ya ukoo mzima wa marehemu mume wangu hapa Kemambo. Na kwa kuwa walioshuhudia wamebaki wachache, na kila mmoja huongeza chumvi yake, ni afadhali niwasimulie mwenyewe, ili kama ni kunicheka mnicheke kwa usahihi. (Wakati huo sikujua kusoma. Niliingia darasa la watu wazima mwaka 1972, na kitu cha kwanza nilichokitafuta nilipoweza kusoma ni kalenda za zamani za kanisa, nikahakikisha tarehe zangu zote.)

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Aprili. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka Mto Mara ukafunika shamba la ulezi lililo mbele ya zizi, mahali tulipomzika mume wangu Chacha, ambaye mimi nilimwita Baba Bhoke kwa jina la binti yetu. Mama mkwe wangu, Bibi Gati, ndiye aliyetangulia kutoka nje, na alirudi akitembea kinyumenyume, mkono mdomoni. Nilipochungulia nikamwona nyati dume, peke yake, akilizunguka kaburi. Hakuwa akila, wala hakuinua pua kunusa upepo. Alizunguka tu, daima kwa mkono wa kushoto, na ulezi ulikuwa umekanyagwa hadi pakawa duara jeusi la matope, kana kwamba ameifanya kazi hiyo tangu tulipolala.

Lazima mfahamu kwamba mwiko wa ukoo wa mume wangu ni nyati. Hawamwindi, hawamli, hawaigusi ngozi yake, na wakikutana naye njiani humpisha kimya. Mimi niliolewa nikitoka kwa watu ambao mwiko wao ni chui, kwa hiyo Bibi Gati akaninong'oneza, "Wewe si wa damu yetu. Nenda ukamfukuze."

Maneno hayo yalinichoma. Miezi hiyo yote shemeji yangu Mwita, mdogo wa marehemu, alikuwa akiyarudia hayo hayo: kwamba mimi si wa damu yao, kwamba sina haki ya kukaa peke yangu kwenye boma la kaka yake, kwamba desturi inataka anirithi, nihamie kwake ng'ambo ya kilima, na nyumba yangu na mashamba viwe mikononi mwake. Nilikuwa nimekataa. Kesi ilikuwa ikingojea iritongo, yaani baraza la ukoo, na kila mtu alijua kwamba mwanamke huenda huko kusikiliza tu.

Basi nikachukua mpini wa jembe, nikatoka kwa kiburi changu. Nilipomkaribia nyati nikaona jambo: kichwa chake kilikuwa kimeinama upande wa kushoto. Mume wangu alikuwa kiziwi wa sikio moja, na ukimsemesha alikiinamisha kichwa hivyo hivyo, kushoto, akakiacha hapo mpaka umalize. Nikaupunga mpini mbele ya jicho la mnyama. Lilikuwa wazi, jeusi, zima, wala halikupepesa. Lilitazama mahali nilipokuwa kama mtu atazamavyo nyumba aliyohama zamani.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi ulioniponza. Badala ya kupiga kelele nilisema, kwa sauti ya chini, "Baba Bhoke, ni wewe?"

Nyati akasimama.

Nyuma yangu Bibi Gati akapiga yowe, "Iyoo! Mwanangu amerudi!" na kabla jua halijautoboa ukungu kilima kizima kilikuwa nyuma ya ua wetu wa miiba, wanaume kimya kwa ajili ya mwiko wao, wanawake wamewaziba watoto midomo. Nyati alikuwa amerudia kuzunguka. Kilichosikika ni kwato zake tu zikichomoka matopeni.

Mwita akajitokeza mbele ya watu. "Mke wa kaka," akasema, "kama kweli ni yeye, ataijua njia. Akielekea kwangu, na wewe unakuja kwangu leo hii."

"Na akija kwangu?"

"Sitafungua mdomo tena."

"Mura, kijana wewe, nyamaza," Bibi Gati akamkemea, "hilo unaloliita mbele yetu hulijui!"

Mtu mwenye akili angekaa kimya. Mimi niliingia ndani, nikavaa gauni langu la kanisani, nikatoka na kigoda cha mume wangu, nikakiweka mlangoni mbele ya macho ya watu wote, nikaita kama mwanamke amwitaye mumewe kwenye chakula: "Baba Bhoke! Nyumba yako ni hii!"

Alikuja. Duara lake lilikuwa likipanuka kidogo kidogo, na mara hiyo likamfikisha kwenye kigoda, akakivunja, kisha kwenye ukuta, akaupitia kana kwamba hakuuona. Udongo ukaporomoka, paa likainama, naye akaanguka ndani, akatetemeka, akafa, kichwa kikiwa juu ya kitanda changu.

Wanawake walipiga vigelegele na kulia kwa wakati mmoja. Mwita akainamisha uso. Nami, kwa furaha ya ushindi na kwa uchungu wa kweli (vyote viwili vilikuwamo, siwafichi), nikapiga magoti kwenye kifusi nikamwombolezea nyati yule kwa sauti kuu, ukuta haupo, watu wote wakinisikiliza. Nilimwambia kwamba siku niliyomnyima uji nilikuwa nimekasirika tu. Nilimwambia kwamba mkoromo wake, niliousema vibaya kwa majirani, sasa ndio unaoninyima usingizi kwa kukosekana.

Kesho yake, Jumapili, watu wakiwa wametoka ibadani moja kwa moja kuja kwangu, akafika Bwana Mifugo, kijana aliyekuwa akipita vijijini kuchanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa sotoka.

"Nani mwenye nyati huyu?" akauliza.

Watu wote wakanitazama. "Ni mume wake," mzee mmoja akajibu, bila kucheka.

"Pole, mama," akasema yule kijana, kisha akageuka kumtazama mnyama mara ya pili.

Aliubonyeza mfupa wa paji la uso kwa kidole gumba, na mfupa ukabonyea. Akatoa msumeno. "Naomba mtu wa kunishikia pembe." Hakuna aliyesogea, ukoo mzima ulikuwa chini ya mwiko.

"Mke wake yupo," akasema Mwita.

Nikashika pembe. Nilizishika kichwa kikikatwa juu ya godoro langu, mtetemo wa msumeno ukinipanda hadi kwenye meno. Mle ndani, upande wa kushoto wa ubongo, Bwana Mifugo akatoa kifuko cha maji kikubwa kuliko yai la bata, chembamba kama ganda la ndani la kitunguu, chenye punje nyeupe zilizojipanga kama ulezi. Akakiinua kwenye mwanga.

"Ni mnyoo wa tegu, bado mchanga. Huugandamiza ubongo, mnyama hupinda kichwa, haoni, huzunguka upande uleule. Kondoo wenu je? Hamjapata kuwaona wakizunguka?"

Tuliwaona sana. Tuliwachinja na kuwala, wala hatukuwahi kuwauliza ni akina nani.

"Shemeji," Mwita akaita, "kumbe mume wako ana minyoo!" Kicheko kilichofuata nakisikia mpaka leo.

Lakini Bwana Mifugo hakuwa amemaliza. "Ugonjwa huu hutoka kwa mbwa," akasema. "Mbwa hula kichwa cha mnyama mgonjwa, kisha huacha mayai ya tegu penye nyasi. Ni mbwa gani hapa wanaofika malishoni kwa nyati?"

Kicheko kikakatika. Mbwa waliovuka Mto Mara walikuwa wa mtu mmoja. Chacha aliwinda swala huko miaka yote, na vichwa vya kondoo wa kizunguzungu aliwatupia wao. Walikuwa wamelala kando ya ghala, wakitutazama. Nikaziachia pembe. Alichokuwa nacho nyati kichwani kilitoka nyumbani kwetu.

Iritongo lilikaa Jumamosi, tarehe 5 Mei. Mzee aliyeliongoza alisema kwamba mnyama mgonjwa hawezi kuwa shahidi, na ushindi wangu wa mlangoni ukafutika. Kisha akamuuliza Mwita kama yuko tayari kulichukua boma.

"Mahali alipofia nyati?" Mwita akaruka. "Nilale pale? Nimrithi mwanamke aliyeshika pembe zile? Hapana, wazee wangu."

"Basi mjane abaki na nyumba yake na mashamba yake," akahukumu mzee, "na asirithiwe na mtu wa ukoo huu."

Ndivyo nilivyoshinda, si kwa heshima yangu bali kwa uvundo wa kitanda changu. Wanawake walinisindikiza wakiniimba, "Mke wa Nyati! Mke wa Nyati!" na jina hilo limenishika. Nilimwuliza Bwana Mifugo, kabla hajaondoka, kama mnyama wa hali ile aliweza kunisikia; alijibu kwamba hapana, kusimama kwake ilikuwa bahati tu. Niliapa nisimsemeshe tena mnyama asiyenisemesha kwanza, na kiapo hicho nimekitunza. Jioni ya siku ya hukumu nililipita lile duara jeusi la kaburini bila kutamka neno. Niliinamisha tu kichwa kidogo, kushoto, nikatega sikio.