Tamthilia Nilizomsimulia Mama

Mama alikuja kukaa kwangu Kahama macho yake yote mawili yakiwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Akisimamiwa mbele alijua kuna kitu, lakini kama ni mimi au ni kabati ilibidi asubiri kusikia sauti. Kule kijijini kwetu Ushetu aliendelea kulima katika hali hiyo kwa muda ambao hakupenda kuutaja, mpaka siku alipong'oa miche ya tumbaku ya jirani akidhani ni magugu ya kwake. Jirani alinipigia simu, akanisalimia kwa heshima, akaulizia biashara, kisha akasema, "Njoo umchukue mama yako." Nikaenda.

Nilikuwa naishi peke yangu. Mke wangu anafanya kazi upande wa Songwa na huja akipata likizo, naye hapendi televisheni, kwa hiyo hatatajwa tena. Mimi naipenda. Nikifunga duka langu la vipuri vya pikipiki huoga, hula, kisha hukaa mbele yake mpaka usingizi unichukue. Nina maoni juu ya kila kinachoonyeshwa, na kabla mama hajaja sikuwa na mtu wa kumweleza.

Mwanzoni mama aliichukulia televisheni kama redio inayokula umeme mwingi. Kisha siku moja akasikia mwanamke analia kwenye tamthilia, akageuza kichwa.

"Huyo amefiwa?"

"Hapana, mayu," nikasema, kama tunavyowaita mama zetu. "Mchumba wake amemwoa dada yake."

"Dada yake mkubwa au mdogo?"

Sikujua. Ilibidi tuendelee kutazama ili tujue, na kuanzia hapo ikawa kazi yangu ya kila jioni kumsimulia kinachoonekana.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya Kituruki, imewekewa sauti za Kiswahili. Maoni yangu juu yake ni kwamba ni kisa kifupi kilichovutwa kama mpira wa manati. Watu wake ni matajiri wasiokwenda kazini. Wanakunywa chai kwenye vikombe vidogo na kutazamana. Mmoja akipewa habari mbaya, anaonyeshwa yeye, kisha mama yake, kisha mfanyakazi wa ndani aliyeshika sinia, kisha yeye tena, na muziki unapigwa muda wote huo. Mimi nikimtazama mteja dukani namna ile, ataenda kununua pachi za tairi kwingine.

Ukimya huo ndio uliomtesa mama.

"Mbona wamenyamaza?"

"Anatazama dirishani."

"Dirishani kuna nini?"

"Bahari."

"Kuna mtu anazama?"

"Hapana. Ni bahari tu."

"Na yule mwingine?"

"Anamtazama huyu anayetazama bahari."

Mama akafikiri. "Hawa hawana mifugo," akasema.

Shida ilikuwa sehemu za mapenzi. Mtu mzima mwenye duka hawezi kumsimulia mama yake mzazi kwamba sasa wanabusiana. Mara ya kwanza ilipotokea, muziki ukawa laini, maneno yakakatika, na mama akauliza wanafanya nini. Nikasema wanasalimiana.

"Salamu ndefu," akasema.

"Hawajaonana siku nyingi."

"Si walikuwa pamoja asubuhi?"

Nikamwambia kwao ndiyo desturi, nikaongeza sauti.

Mchana nikiwa dukani mama aliyatazama marudio na jirani yetu, mama mmoja wa Kiislamu anayeuza mchele kwa jumla. Wazazi wake walikuja huku kutoka Tanga kufuata biashara, na Kiswahili chake ni kizuri mno. Huyu naye alikuwa msimuliaji, ila mwenye moyo mwema kuliko mimi. Kwake kila mtu alikuwa mzuri wa sura. Yule kijana shujaa, ambaye mimi nilimweleza mama kuwa ana ndevu za siku nne na uso wa mtu anayesubiri basi lililochelewa, jirani alimpamba mpaka akawa na macho ya upole na mabega ya kubeba nyumba. Kwenye salamu ndefu alisema, "Hapa wameondoka, wameacha muziki." Kwa hiyo mama alikuwa anafuata tamthilia mbili, na jioni alinihoji palipotofautiana.

"Mwenzio anasema huyu kijana ni mzuri."

"Ni wa kawaida, mayu."

"Wewe hupendi watu."

Filamu zetu za nyumbani ndizo zilizomkaa vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nazisema sana. Mtu akipiga simu kwenye filamu zetu, anarudia kwa sauti kila anachoambiwa: "Unasema mjomba amepata ajali? Yuko hospitali? Hali yake ni mbaya?" Mgonjwa mahututi amepaka wanja na amevaa hereni. Mtu akienda dukani, tunaonyeshwa akifunga mlango, akitembea, akifika, na akirudi. Nilikuwa nalalamika hivyo mbele ya mama, na siku moja akaniambia nikae kimya, kwa sababu filamu ile ilikuwa inajisimulia yenyewe na mimi namchanganya. Ikabidi nikubali kwamba wale watengenezaji walikuwa na mtazamaji wao, naye alikuwa sebuleni kwangu.

Kisha madaktari wa macho wakaja hospitali, wakatangazwa na gari lenye spika, na nikampeleka. Walimfanyia jicho la kulia kwanza. Kesho yake asubuhi muuguzi alimfungua bandeji, akamwosha taratibu, akamwambia atazame. Mama akatazama ukuta, akatazama kanga yake mwenyewe, akaishika pindo na kuisogeza karibu. Kisha akanitazama mimi. Alitazama kwa muda mrefu kama watu wa kwenye tamthilia, na nikaona kwamba labda nimewaonea wale watu.

"Nywele zako zimekuwa nyeupe lini?" akauliza.

"Muda kidogo, mayu."

"Umefanana na baba yako alipokuwa anaumwa."

Muuguzi akacheka, akidhani ni utani. Nami nikacheka, kwa kuwa mwingine ameshaanza. Njiani kurudi mama alisoma mabango yote ya barabarani kwa sauti, hata ya waganga. Mara ya mwisho alipoyaona yalikuwa machache. Sasa mji ulikuwa umejaa maghorofa na watu wanaouza simu, na alitaka kujua nani aliwaruhusu.

Jioni ile jirani wa mchele alikuja na maandazi kumpongeza. Walisalimiana mlangoni, mama akamshika mkono, akamtazama vizuri usoni, akasema, "Kumbe u mdogo hivi. Nilidhani tuko sawa." Jirani alifurahi sana, na maoni yake juu ya upasuaji wa macho yakawa mazuri tangu siku hiyo.

Tukawasha televisheni. Kijana shujaa akaingia.

"Huyu nani?" mama akauliza.

"Ndiye yeye."

"Huyu?"

"Ndiye, mama," jirani akasema, sauti yake ikiwa imepungua.

Mama akamtazama akivua koti. "Huyu ana njaa," akasema. Kisha akaanza kuangalia midomo. Sauti ya Kiswahili ilimaliza kusema lakini mdomo wa mtu ukaendelea kutafuna, na kwa mwanamke ikawa kinyume, mdomo umefungwa na maneno yanatoka. Mama akaniuliza kama redio imeharibika. Nikamweleza kwamba ile si sauti yake, kuna mtu mwingine anasema badala yake. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Alikuwa amempenda yule kijana kwa sauti yake, na sasa anaambiwa sauti ni ya mtu mwingine ambaye haonyeshwi.

Muziki ukawa laini. Mimi nikainuka kwenda kuangalia geti. Niliporudi jirani alikuwa ameinamia sahani ya maandazi, na mama alikuwa ametazama mbele, mikono magotini.

"Kumbe ndizo salamu," akasema.

Jirani akasema jua limezama, akaenda kuswali.

Baada ya hapo mama hakuitaka tena ile tamthilia. Hakukasirika, aliiacha tu, kama mtu anavyoacha kwenda kwa rafiki aliyehama. Tukajaribu nyingine. Ya Kihindi aliikataa siku ya kwanza, kwa sababu mtu alipigwa kofi na kofi lilirudiwa kutoka pande tatu. Alisema kumpiga mtu mara moja kunatosha. Ya Kikorea aliisifu kwa chakula. Mashindano ya kuimba aliyatazama akiwahurumia waimbaji wote na kuwachukia majaji wote, msimamo ambao hata mimi ninao.

Ndipo jioni moja ikawekwa filamu ya kwetu kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ilisemekana imepigwa Geita. Nilikaa tayari kuisema, kwa kuwa hilo ni jambo ninalolijua. Baba yangu alichimba Geita karibu maisha yake yote, akituachia sisi na mama shamba la tumbaku, na mimi nilipomaliza shule nilimfuata, nikakaa naye kule mpaka nilipopata akili ya kuuza vipuri. Alikufa kwa kifua miaka kadhaa baadaye.

Filamu ilianza vibaya. Mchimbaji alitoka kwenye duara, yaani shimo lenyewe la dhahabu, akiwa na raba nyeupe. Alikuwa na vumbi mashavuni tu, pande zote mbili sawasawa, kama poda. Nikafungua mdomo kusema, nikamwangalia mama kwanza. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kochi.

Kwenye skrini wanaume walikuwa wanamteremsha mwenzao kwa kamba. Alishuka na tochi kichwani, ukuta wa mawe ukipita karibu na uso wake, na juu yake mdomo wa shimo ukawa mdogo, ukawa kama sahani, ukawa kama sarafu. Sehemu hiyo, nakiri, waliifanya vizuri. Sijui walimpata wapi mpigapicha aliyekubali kushuka.

"Baba yako alikuwa anaingia hivyo?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa kamba?"

"Kwa kamba. Baadaye wakaleta winchi."

Mama akasema, "Aliniambia ni kama kuchimba kisima. Nikajua kisima, maana hata mimi nimechimba kisima."

Filamu ikaendelea, mwizi akaingia, polisi wakaja. Mama hakuwa anafuata tena.

"Ni hivi hasa?" akauliza. "Au wameongeza, kama wale wa salamu?"

Ningeweza kusema wameongeza. Jirani angesema hivyo, na angekuwa amefanya jambo la huruma. Lakini mama alikuwa amenigeukia na lile jicho jipya, na lile la pili likiwa bado na ukungu wake, na sikuona namna.

"Wamepunguza, mayu. Kule ni kwembamba zaidi, na kuna giza kuliko hapo. Hapo wameweka taa ili watu waone. Na hewa ni nzito."

"Na wewe uliingia?"

"Niliingia."

"Yeye akiwa juu au chini?"

"Chini. Alitangulia yeye siku zote. Hakuwahi kukubali nitangulie. Alikuwa anagonga matimba, zile nguzo za miti zinazozuia mawe, moja moja, anasikiliza, halafu ananiita."

Mama akachukua rimoti. Hakuwa amewahi kuitumia, kwa hiyo alibadilisha chaneli kwanza, zikatokea habari, kisha akaongeza sauti, na hatimaye nikamsaidia kuzima. Akasema, "Sasa niambie."

Nikamwambia. Nilimweleza jinsi baba alivyokuwa anafunga suruali kwa kamba ya katani kwenye vifundo. Nilimweleza uji waliokuwa wanakunywa kabla ya kushuka, na yule aliyekuwa akiupika, ambaye aliweka sukari kwa wale aliowapenda. Mama akauliza kama baba alikuwa anawekewa. Nikasema alikuwa anawekewa. Akauliza aliyekuwa anapika ni mwanamke au mwanamume. Nikasema mwanamume, tena mzee, na akaniruhusu kuendelea. Nilimweleza vumbi lilivyokuwa likikaa kooni, na kikohozi ambacho nyumbani baba alisema ni cha tumbaku.

Hakulia. Alisikiliza akikunja na kukunjua pindo la kanga. Mwisho akasema, "Alikuwa mwongo mzuri," na akaenda kulala mapema bila kula.

Siku iliyofuata alikuwa ameamka kabla yangu, amefagia uwanja wote mpaka upande wa jirani. Akasema wiki ijayo nimpeleke wakamfanyie jicho la kushoto, kisha nimrudishe Ushetu, kwa sababu anataka kwenda kuliona kaburi la mumewe vizuri. Alipokwenda mara ya mwisho aliligusa tu. Nilimpeleka kote kuwili. Kaburini alikuta saruji imepasuka na akaniambia maneno ambayo nilistahili.

Msimu wa kupanda ulipofika alibaki kule kule shambani. Nimemnunulia televisheni ndogo ya sola. Akinipigia simu tunazungumzia mvua, afya, na bei ya tumbaku, kisha ananipa maoni yake. Siku hizi anatazama mpira. Anaona ni jambo zuri, ila haelewi kwa nini yule mwenye filimbi, mtu mmoja tu, tena mwembamba, anaruhusiwa kuwafokea wanaume wazima kiasi kile na hakuna anayempeleka kwa mama yake.