Kompyuta Niliyoihurumia

Nakumbuka, mwanangu, mwaka mzima niliouishi Nairobi nikiamini kwamba kompyuta huuzwa na hesabu zake ndani, kama kadi ya simu inavyouzwa na kredo yake, na kwamba zikiisha zimeisha. Usicheke bado. Maneno hayo niliyapata kwa Njoroge, aliyeuza kadi za kukwangua mlangoni mwa jengo letu, nyuma kidogo ya River Road, na Njoroge alizungumza kwa uhakika kuliko hakimu.

"Msee, kitu yoyote ya umeme iko na kredo yake," aliniambia akinirudishia chenji. "Unafikiria ile kompyuta yenu ya kwanza ilikufa aje? Bosi wako aliimaliza na hesabu za kodi."

Na kweli ilikuwa imekufa, na kweli bosi alikuwa akipiga hesabu za kodi siku hiyo. Ningetaka ushahidi gani tena?

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka shule ya jioni na cheti cha uhasibu, nikakitia kwenye fremu kubwa kuliko dirisha la chumba changu kule Dagoretti. Kwa cheti hicho nikapata kazi katika ofisi ya ushauri wa fedha, ghorofa ya nne, lifti mbovu tangu enzi za Nuhu. Tulikuwa watatu: bosi, mimi, na kompyuta mpya. Mtu anayekaribia kustaafu akija, tulimuuliza ana nini na anatumia nini, kisha tukamtengenezea jedwali la mwaka kwa mwaka la kumwonyesha pesa zake zitamfikisha wapi.

Bosi aliniambia mashine hiyo itanirahisishia kazi. Mimi nikaamua kuihurumia. Kila hesabu niliipiga kwa kalkuleta, tena mara mbili, kisha nikaandika jibu peke yake kwenye jedwali la kompyuta. Yaani niligeuza kompyuta nzima kuwa kalamu. Jedwali moja la miaka thelathini lilinila siku mbili, na kidole changu cha kalkuleta kilinenepa kuliko vidole vyote vya ukoo wetu. Bosi aliona karatasi safi zinatoka, akaniita mtu wa bidii. Sikuuliza mtu chochote, kwa maana mwenye cheti cha fremu atauliza vipi? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimejifunika hadi utosini.

Basi akaja Mama Mutheu. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha sabuni, mkazi wa mtaa wa Mountain View, mama mfupi wa kutembea haraka. Alikuwa anastaafu, na mwajiri wake alimpa fomu yenye visanduku viwili: achukue pensheni yake yote kwa mkupuo, au achukue theluthi sasa na zilizobaki alipwe kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Ukishatia sahihi, hakuna kurudi nyuma. Kaka yake alimsukuma achukue yote ajenge vyumba vya kupangisha. Yeye mwenyewe alikuwa na hofu moja tu.

"Sitaki nikiwa mzee niwe naomba sukari kwa mke wa mwanangu," aliniambia. "Hiyo tu ndiyo uniangalizie."

Nikamtengenezea jedwali la kuchukua yote. Lilionyesha pesa zinamfikisha miaka themanini na tano. Akafurahi. Jumanne akapiga simu: alikuwa amesahau kuniambia kwamba mjukuu anayemlea ataingia sekondari, na karo ni juu yake. Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni, fomu ilipaswa kurudi kwa mwajiri.

Mwanangu, karo ile ilibadilisha kila mstari kuanzia wa kwanza. Nilirudi kwenye kalkuleta Jumatano na Alhamisi. Mguu wangu ulitikisika chini ya meza mpaka bosi akauliza kama kuna matatu inapita chini ya jengo. Nilitoka kwenye korido, nikarudi, nikanywa maji, nikatoka tena. Nilipofika umri wa sitini na sita, macho yalikuwa yanaona namba hata ukutani. Nikajiambia, hiyo miaka mingine haitatofautiana sana. Nikaiacha mistari ya chini ilivyokuwa, nikachapisha, nikabana na pini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: miaka ishirini ya uzee wa mama wa watu niliiona nyepesi kwa sababu si mimi ningeibeba.

Ijumaa saa nane mchana akaja na fomu kwenye mkoba. Hakutazama mstari wa mwisho kama wengine. Alianzia juu, kidole kikishuka polepole, nami nikisimama, nikikaa, nikipanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangwa. Kidole kikasimama.

"Kijana," alisema, "mimi nikifika sitini na saba ninaolewa na tajiri?"

"Vipi, mama?"

"Pesa zinapungua, zinapungua, sitini na sita nimebaki na hizi kidogo. Sitini na saba zimeongezeka. Nani amenipa?"

Jasho lililonitoka lingejaza karai la kuogeshea ng'ombe. Alikuwa karibu kuuacha uzee wake kwenye kisanduku kimoja kwa sababu ya uchovu wangu, na kutoka hapo hadi kwa mwajiri wake ni mwendo wa dakika kumi.

"Nionyeshe kwa kompyuta," akasema.

Nikafungua. Akazunguka meza, akabonyeza kisanduku kimoja, kingine, cha tatu.

"Hapa kuna namba tupu. Fomula ziko wapi?"

"Ziko kwa kalkuleta, mama."

Akavuta kiti changu akakikalia. "Mimi nimehesabu katoni za sabuni kwa hii kitu miaka sita," alisema. "Niambie mnakokotoa namna gani, mimi niandike."

Nikamwambia: baki la mwaka jana, ongeza riba, toa matumizi na karo. Akaiandika hesabu hiyo kama agizo, kwenye mstari mmoja. Akaweka karo kwenye kisanduku chake juu, bei za vitu kwenye kisanduku chao, riba kwenye chake. Kisha akaushika ule mstari kwa mausi akauvuta hadi chini.

"Mama, taratibu," nikasema. "Utazimaliza."

"Nitamaliza nini?"

Nikamweleza. Nikamtaja na Njoroge. Akatazama saa ya ukutani, ilionyesha nane na nusu.

"Hiyo tutaongea nikirudi," akasema.

Mistari yote ilikuwa imejaa kabla sijapumua. Nilishika ukingo wa meza nikingoja moshi. Hakukutoka moshi. Jedwali sasa lilisema akichukua yote, pesa zinaisha akiwa na miaka sabini na moja. Kisha akaanza kuuliza, na hapo ndipo aibu iliponishika hasa. Je, bei zikipanda zaidi? Akabadilisha kisanduku kimoja, kila kitu kikajipanga upya. Je, nikijenga vyumba viwili badala ya sita? Je, vikikaa bila mpangaji nusu ya mwaka? Je, nikichukua theluthi? Maswali tisa kwa robo saa.

"Haya yote ulikuwa nayo?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje? Swali moja la karo limekufanya ukonde. Nilikuhurumia."

Alitia alama kwenye theluthi na malipo ya kila mwezi, akaweka sahihi, akashuka ngazi mbio na mkoba kwapani. Saa ilikuwa tisa na dakika kumi. Mimi nikabaki nikipima ofisi kwa hatua, dirishani na mlangoni, mlangoni na dirishani, nadhani nilifika Machakos nikarudi. Je, foleni ikiwa ndefu? Je, mwenye muhuri akiwa ametoka mapema, maana ni Ijumaa? Nilijiapia kwamba akikosa, nitatoa kile cheti kwenye fremu nikiuze kwa muuza njugu afungie. Saa kumi ikapita. Saa kumi na robo nikasikia viatu vyake kwenye ngazi, nikashindwa kujua kama ni mwendo wa mtu aliyewahi au wa mtu anayekuja kunichapa.

Kabla hajaingia, mwanangu, acha nikupe nasaha yangu, kwa sababu mama yule akishafungua mdomo mimi sipati nafasi tena. Wewe umeajiriwa kupangia watu pesa zao za uzeeni, na una mashine nzuri mara elfu kuliko ile. Usiihurumie. Kazi ya kurudia rudia iachie yenyewe, na nguvu zako zibaki kwa mtu aliyeketi mbele yako. Kila kitu unachokikisia, bei au riba au umri, kiweke mahali pamoja panapoonekana, ili mteja akibadilisha neno moja nawe ubadilishe mahali pamoja. Soma jedwali kutoka juu hadi chini kama mama yule alivyosoma, kwa maana karatasi iliyochapishwa vizuri hudanganya vizuri pia. Ukiambiwa jambo kuhusu chombo chako cha kazi, lijaribu siku hiyo hiyo au muulize anayejua. Mimi nilikaa na la Njoroge mwaka mzima, na kulijaribu kungenichukua dakika moja. Zaidi ya yote, usiwe mgumu kuulizwa. Mtu akikuhurumia akameza swali lake, ndilo hilo litakalomtoa kwake siku moja na kikombe mkononi akatafute sukari. Mungu akupe macho ya kuona mstari wa sitini na saba kabla ya mteja wako, akupe ulimi wa kusema sijui, na kila uliyempangia azeeke na chai yake mwenyewe mezani.

Mama Mutheu aliingia akihema, akaweka mbele yangu nakala ya fomu. Muhuri ulikuwa bado haujakauka. Akaketi, akapangusa uso kwa leso, akasema:

"Sasa ile ya Njoroge. Kompyuta haiishiwi na hesabu, kijana. Ile ya kwanza iliharibika tu. Vuta kiti nikuonyeshe tena."