Siku Nilipotoa Samaki wa Sadaka Nje ya Kanisa

Mimi ni mzee wa kanisa, ndugu zangu, nimeongoza ibada na mazishi ya watu wengi hapa Bariadi, watoto wanaopigana njiani wakiniona huacha, kwa hiyo mtaelewa ninavyojisikia pale ninapomwona Mama Kulwa, muumini mwenzetu, anakuja barabarani na mimi najikuta nimeinama kukagua mnyororo wa baiskeli ambao hauna tatizo lolote. Aibu ile ni yangu na naisimulia kwa mdomo wangu, maana mkimwachia mzee mwenzangu wa kanisa, Mzee Maduhu, atatia chumvi, na habari yenyewe haihitaji chumvi.

Mjukuu wangu Limi ana miaka minne. Mama yake, binti yangu, ni mwalimu kule Lingeka, wilaya ya Meatu, akatuachia mtoto tukae naye mpaka apate nyumba ya kupanga. Basi tulipomaliza kuvuna pamba mtoto akaanza mafua, na mafua yenyewe yakagoma kuisha. Akawa analala mdomo wazi, anakoroma kama mtu mzima, anakohoa, chakula anakisukuma, mashavu yananywea tukiona kwa macho. Tukampa dawa ya maji ya dukani, tukamfukiza, tukamwombea asubuhi na jioni.

Tena ndani ya nyumba kukawa na harufu. Pamba yetu ilikuwa bado imelundikwa chumba cha pembeni, haijaenda kupimwa, nikasema humo amefia panya. Nikaitoa pamba yote nje, nikafagia kila kona, panya sikumwona, nikairudisha ndani, harufu iko palepale. Mke wangu akasema labda yuko darini. Nikapanda darini (kwa umri huu!) nikashuka na utando wa buibui kichwani, panya hakuna. Tukaizoea harufu hiyo, tukaishi nayo.

Jirani mmoja akaja, akamfungua Limi mdomo, akachungulia, akatoa hukumu: "Kimeo hicho kirefu, ndicho kinamkohoza. Kikatwe." Huku kwetu wengi bado wanaamini kwamba kile kinyama kinachoning'inia kooni ndicho chanzo cha kikohozi, na kuna fundi wa kukikata upande wa Shishiyu. Mke wangu hakupenda hata kidogo.

"Mzee wangu, kisu kooni kwa mtoto mdogo namna hii? Na amedhoofu?"

"Hata mimi nilikatwa nikiwa mtoto," nikamwambia, "na angalia ninavyoimba."

Akageukia sufuria yake jikoni. (Ananisikia ninavyoimba.) Tukakubaliana, yaani mimi nilikubaliana, kwamba Jumapili ya mavuno, ibada ikiisha, mpwa wangu mwenye pikipiki atupeleke kwa fundi. Mama wa mtoto tutamwambia akishapona.

Jumapili hiyo mke wangu akataka abaki nyumbani na Limi. Nikasema hapana, nitampakata mwenyewe kwenye benchi la wazee, aombewe kabla ya safari. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, lakini huo ndio ulionimaliza.

Kanisa lilijaa. Mbele palikuwa na sadaka za mavuno: magunia ya mahindi, mpunga, marobota ya pamba, kuku wamefungwa miguu, na kapu la samaki wakavu la Mama Kulwa, mwenyeji wa Mkula, ambaye kila mwaka hutuletea samaki wa ziwani. Wageni wakaombwa wasimame wajitambulishe. Akasimama dada mmoja, akasema anaitwa Upendo, kwao Mbeya, ni daktari wa masikio, pua na koo, na yeye na wenzake wamekuja kupiga kambi ya matibabu hospitalini. Tukampigia makofi. Na mimi nikapiga makofi, mtoto anakoroma mapajani mwangu macho wazi, na akilini nawaza barabara ya Shishiyu ina mashimo kiasi gani.

Ukafika wakati wangu wa matangazo, nikapokea kipaza sauti nikiwa nimeketi vilevile kwa sababu ya mtoto. Joto lilikuwa kali, na ile harufu ikapanda, si ndogo, mpaka wazee wenzangu kwenye benchi wakaanza kusogea. Nikatazama mbele, macho yakagota kwenye lile kapu.

"Wapendwa," nikasema, "sadaka ni jambo jema, ila tumtolee Mungu kilicho kizima. Wale samaki wameharibika. Watolewe nje."

Mama Kulwa akasimama hapohapo. "Mzee! Samaki nimewakausha kwa mikono yangu! Hawanuki!"

"Mama, pua yangu hainidanganyi."

Kapu likatolewa, watu wanapisha huku wameziba pua (na samaki, nasema leo mbele ya Mungu, walikuwa hawana ubaya wowote). Mama Kulwa akaketi, akajifunika uso kwa kitenge. Mimi nikaendelea na matangazo ya kwaya. Harufu nayo ikaendelea.

Aliyekuwa karibu nami ni Mzee Maduhu, amevaa viatu vyeusi vya mtumba, bila soksi. Nikamwinamia ili nimnong'oneze kiungwana, na nilisahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi. "Namhala, mzee mwenzangu, vua hivyo viatu ukaviweke nje, vinatuaibisha." Kanisa zima likasikia, mpaka waliokuwa chini ya mti wa nje wakasikia.

"Ehee!" akasema Maduhu. "Umeanza na samaki, sasa umefika miguuni kwangu! Kesho utasema mchungaji!"

Lakini ni mtu mpole. Akavua, akavipeleka nje, akarudi peku, akaketi. Harufu ipo. Watoto wakaanza kucheka, kwaya nayo ikaanza kucheka, na ndipo Mama Kulwa alipoinuka, hana mzaha hata chembe, akaja mbele na kuanza kunusa benchi letu kutoka mwisho, mzee mmoja baada ya mwingine, mpaka akanifikia.

"Imekaa hapa," akasema.

"Mimi nimeoga!" nikasema, na kipaza sauti kikalipeleka hilo pia.

Akainama zaidi, kwa Limi. Akamnusa usoni. Aliposema tena sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Mzee, ni mtoto. Mtoto anaoza puani."

Kicheko kikakatika. Nikamtazama Limi, naye akanitazama na yale macho yaliyochoka. Daktari alikuwa ameshafika mbele yetu.

"Shikamoo, babu. Makamasi yanatoka tundu zote mbili?"

"Zote," nikajibu kwa haraka.

"Ya kulia tu!" mke wangu akapaza sauti kutoka upande wa akina mama. "Nilikwambia! Ya kulia tu!"

Daktari akachuchumaa. "Babu, mafua hayachagui tundu moja. Mtoto akitoa uchafu unaonuka upande mmoja, mara nyingi kuna kitu amekiingiza."

Mzee Maduhu, pamoja na yote niliyomfanyia, akachomoa njiti ya kiberiti atusaidie. "Hapana, asiguse mtu!" daktari akasema. "Kikisukumwa ndani kinaweza kuteleza kikaingia njia ya hewa. Twende hospitali sasa hivi, wenzangu wapo na vifaa vipo."

Na mpwa wangu akachagua wakati huohuo kuchungulia mlangoni. "Mjomba, pikipiki iko tayari, fundi wa kimeo anatungoja Shishiyu!"

Daktari akageuka taratibu. "Fundi wa nini?"

Ilibidi nijibu, na bado nilikuwa nimekishika kile kipaza sauti, sijui kwa nini hakuna aliyeninyang'anya. Kanisa lote likasikia mzee wao akieleza kwamba mchana huo alikuwa anampeleka mjukuu akakatwe koo. Yule dada hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akasema kwa upole, "Kimeo cha huyu mtoto hakina kosa, babu. Angekatwa angetoka damu nyingi, na alivyodhoofu hivi tungeweza kumpoteza. Na kilichomo puani kingebaki humohumo."

Pikipiki ikaenda hospitali. Limi akafungwa kwenye kitenge cha bibi yake mikono ikiwa ndani, nikampakata, nikamshikilia kichwa, daktari akavaa taa kwenye paji la uso, akaingiza kachuma kembamba kenye ncha iliyopinda, na kabla sijamaliza kuomba kitu kikatoka. Ilikuwa mbegu ya pamba, imevimba, nyeusi, na nyuzi zake bado zimeng'ang'ania. Harufu ikajaa chumba kizima na nikamjua panya wangu.

"Limi," nikamuuliza machozi yananitoka, "kwa nini uliiweka humo?"

"Nilikuwa napanda, guku," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi babu yake. "Nilitaka iote."

Daktari akacheka mpaka taa ikatikisika, kisha akachunguza tundu la pili na masikio yote mawili, kwa maana, alisema, mtoto anayepanda shamba moja mara nyingi ana lingine. Hakukuta kitu. Akatueleza tushukuru ilikuwa mbegu, maana ingekuwa ile betri ndogo ya mviringo ya saa, ndani ya saa chache tu ingeanza kuila pua na kuitoboa. Nikampigia mama yake, nikamweleza yote bila kuficha. "Asante kwa kuniambia, baba," akasema. "Jumamosi nakuja." Niliiogopa Jumamosi hiyo kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi, nikawaomba msamaha Mama Kulwa na Mzee Maduhu mbele ya watu wote, safari hii bila kipaza sauti. Maduhu akanyoosha mguu mmoja mbele ili kila mtu akione kiatu. Mama Kulwa akasema, "Nimekusamehe, mzee, ila wale samaki hakuna aliyewanunua sadaka zilipopigwa mnada, baada ya maneno yako. Utawala wewe." Tuliwala wiki nzima, na walikuwa watamu.

Namshukuru Mungu kwa pua ya Mama Kulwa, kwa mikono ya yule dada wa Mbeya, na hata kwa aibu yenyewe, kwa sababu kama ningebaki na heshima yangu siku ile, jioni Limi angekuwa chini ya kisu cha mtu. Sasa hivi yuko hapo nje anamsumbua bibi yake ampe ugali zaidi. Mimi mambo ya kutangaza harufu za watu nimeyaacha kabisa. Na mtoto wa nyumba hii akiumwa sikio, pua au koo, tunampakata tunatoka kwenda kwa daktari, na maombi tunayafanya njiani, maana Mungu anasikia hata juu ya pikipiki.